Kukagua risasi za kiwandani za 9x19 bila kuzifungua: tuanzie wapi?

KalibaTisa, Nakuru

Habari za jioni wadau. Swali hili ni la wenye bastola za leseni na wote wanaoelewa risasi kwa undani.

Kuna visanduku viwili vya 9x19 mezani, kila kimoja cha risasi 50, vyote vipya kutoka dukani. Kisanduku A: greni 115, maganda ya njano yanayong'aa, praima (kile kidude cha kuwashia kilicho kitakoni) nyeupe yenye mzingo mwekundu pembeni. Kisanduku B: greni 124, maganda ya kijivu yasiyong'aa, na sumaku inayanasa. Nimepima urefu wa risasi nzima kwa kalipa ya dijitali (kifaa cha kupimia urefu na kipenyo). Za A ziko kati ya 29.4 na 29.6 mm, isipokuwa moja yenye 28.7. Hiyo moja ndiyo ambayo hutolewa chemba (tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi) kila jioni na kurudishwa kila asubuhi. Mbili za A zina madoa ya kijani karibu na mdomo wa ganda.

Nataka kujua mambo matatu. Kwanza, ndani ya risasi ya kiwandani kuna nini hasa, na kila sehemu inatakiwa kuwa vipi. Pili, mbovu naitambuaje kabla haijaingia chemba. Tatu, kuna ubaya gani nikivuta kichwa cha moja kwa koleo nione baruti iliyomo?

DungaBeach_Fundi, Kisumu

Ndugu, naanza na swali la tatu kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza. Usivute. Koleo hubana ganda, na ganda likishabonyea hata sehemu ya unywele halifai tena kuingia chemba. Ukifanikiwa kung'oa kichwa, utabaki na ganda lenye praima hai kitakoni, na praima haihitaji baruti ili ilipuke. Gonga moja tu inatosha kukurushia vipande vya chuma machoni. Isitoshe, utakachokiona ndani hakitakusaidia. Hakuna mtu anayeweza kutazama punje za baruti kwa macho akasema hizi nzuri, hizi mbovu. Maabara hufungua risasi kwa vifaa vya kushika ganda bila kulibana, nyuma ya kinga, na kwa sababu maalumu. Cheti chako chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, kinakuruhusu kumiliki na kutumia idadi fulani. Hakikufanyi kuwa karakana.

Habari njema ni kwamba karibu yote unayotaka kuyajua yanaonekana kwa nje.

Tupatane maneno kwanza, maana Kiswahili kimelitwisha neno moja mizigo mitatu. Risasi ni yale madini mazito ya kijivu, risasi ni kipande kinachoruka, na risasi ni kitu kizima ulichonunua. Hapa nitaita kitu kizima risasi, kinachoruka nitakiita kichwa, na madini nitayaita madini ya risasi. Sehemu zote ni nne: ganda, praima (wazee waliiita fataki), baruti na kichwa.

Ganda. Mkao wa 9x19 ulibuniwa na Georg Luger wa kampuni ya DWM ya Ujerumani mwaka 1902, na vipimo vyake havijabadilika. Urefu wa ganda usizidi 19.15 mm. Si bomba lililonyooka kama linavyoonekana: karibu na kitako kipenyo ni 9.93 mm, mdomoni ni 9.65. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Risasi hii husimama chembani kwa mdomo wake. Ukingo wa ganda hugota kwenye ngazi ndogo iliyo mwisho wa chemba, basi. Ndiyo maana kiwanda hakikunji mdomo kwa ndani kama cha risasi za rivolva. Huubana kidogo tu kuondoa upanuzi ulioachwa wakati wa kuingiza kichwa. Pima mdomo kwa kalipa. Ukizidi 9.65, risasi itakwama nusu ya njia na slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma na mbele) haitafunga. Ukibanwa kupita kiasi, mdomo haugoti panapostahili, risasi inazama mbele na pini inayogonga praima inaifikia kwa udhaifu.

Maganda ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Hayakuchaguliwa kwa urembo. Mchanganyiko huo hutanuka risasi inapolipuka, ukaziba chemba gesi isirudi nyuma, kisha ukanywea mara moja ili ganda lichomoke. Ya kijivu yako ya kisanduku B ni chuma kilichopakwa zinki au plastiki nyembamba kuzuia kutu. Chuma hakinywei vizuri hivyo, kwa hiyo chemba itakuwa na masizi mengi kuliko ulivyozoea, na ndoano inayochomoa ganda hufanya kazi ngumu zaidi. Si risasi mbovu. Ni risasi inayodai usafi. Usipige mia za chuma halafu ukaingiza za njano bila kusafisha chemba. Masizi yaliyoachwa hubana ganda la njano likitanuka, na hapo ndipo watu husema "za njano zimekwama" wakati kosa ni la zilizotangulia.

Sumaku ijaribu mara mbili, ganda peke yake na ncha ya kichwa peke yake. Kuna vichwa vyenye koti la chuma chini ya ngozi nyembamba ya shaba. Vikigonga shabaha za chuma hutoa cheche, na viwanja vingine huvikataza, hasa vyenye nyasi kavu nyuma.

Kitako. Soma muhuri kwa tochi ya pembeni. Unatakiwa kuona jina au herufi za kiwanda na aina: "9mm Luger", "9x19" au "9 mm Para", zote ni kitu kimoja. Herufi KOFC ni za kiwanda chetu cha Eldoret, Kenya Ordnance Factories Corporation. Duara lenye msalaba ndani ni alama ya kiwango cha NATO, na za kijeshi mara nyingi hubeba tarakimu mbili za mwaka. Ukiona "+P" kitakoni, fungua kitabu cha bastola yako kabla ya kufungua magazini: shinikizo la kawaida kwa kipimo cha Marekani ni 35,000 psi (paundi kwa inchi ya mraba) na la +P ni 38,500, na si kila bastola ya zamani imejengwa kubeba hilo la pili.

Muhuri ndio pia utakaokuokoa na mchanganyiko. 9x17, inayoitwa pia .380 Auto au 9mm Kurz, ina ganda la 17.3 mm. Risasi ya Makarov ya Kirusi ina ganda la 18.1 mm, na kichwa chake ni 9.27 mm dhidi ya 9.01 cha Luger. Zikichanganywa kwenye bakuli moja mezani, jicho hudanganyika upesi sana. Muhuri na kalipa havidanganyiki.

Praima. Kipenyo chake ni kama 4.45 mm. Inatakiwa ikae sawa na kitako au chini yake kidogo sana. Pitisha ncha ya kidole: usihisi kichuguu. Halafu simamisha risasi juu ya kioo tambarare, kitako chini. Ikiyumba, praima imetokeza. Iliyotokeza hugoma kwa sababu pigo la kwanza la pini linatumika kuisukuma ndani badala ya kuiwasha, na upande mwingine ina hatari ya kulipuka slaidi inapofunga. Hiyo haipigwi. Mzingo mwekundu ulioutaja ni rangi ya kuziba unyevu, kiwanda huipaka kwa makusudi. Rangi hutofautiana, na kukosekana kwake si kasoro.

Kuna praima za Boxer na za Berdan. Boxer ina fuawe (kipande kigumu ambacho kemikali hubanwa juu yake pini inapogonga) ndani ya praima yenyewe na kitundu kimoja katikati ya kitako. Kwa Berdan fuawe ni sehemu ya ganda na vitundu ni viwili. Kwa nje hutofautishi. Chukua ganda lililokwisha kupigwa, limulike kwa ndani, uhesabu vitundu. (Ajabu ni kwamba Edward Boxer alikuwa Mwingereza na Hiram Berdan Mmarekani, lakini Marekani ndiko kulikoshika mtindo wa Boxer.)

Kichwa. Ndani ni madini ya risasi yaliyochanganywa na antimoni kidogo ili yasiwe laini mno, nje ni koti la shaba, mara nyingi asilimia 90 hadi 95 shaba na iliyobaki zinki. Greni zilizoandikwa kisandukuni ni uzito wa kichwa peke yake, si wa baruti wala risasi nzima. Hapo watu wengi hukosea. Greni moja ni gramu 0.0648. Kwa hiyo 115 ni gramu 7.45, 124 ni gramu 8.04, na 147 ni 9.53. FMJ kwenye kisanduku maana yake koti kamili, JHP ni chenye tundu nchani. Kwa FMJ nyingi, koti halifuniki chini. Madini hubaki wazi upande unaotazama baruti.

Sasa ile yako ya 28.7. Iondoe kwenye matumizi leo. Urefu wa juu kabisa wa risasi nzima ya 9x19 ni 29.69 mm, na zipo aina halali zenye 28.7 kiwandani, hasa zenye tundu nchani. Kwa hiyo namba yenyewe si kosa. Kosa ni kwamba ndugu zake wa kisanduku kimoja wana 29.5. Kila ulipoachia slaidi, ncha iligonga mteremko wa kuingilia chemba, na kichwa kikazama kidogo. Mara nyingi hivyo, kimezama 0.8 mm. Ganda hili ni dogo. Nafasi ya baruti ikipungua hata kidogo, shinikizo hupanda kwa kasi isiyolingana na hicho kilichopungua. Risasi ya chemba isirudi chemba kila siku. Zungusha: leo hii, kesho nyingine, na ipimwe kila wiki dhidi ya ambayo haijaguswa. Ikipungua zaidi ya robo milimita, mimi huiweka kando.

Mkemia_Kakamega

Fundi amemaliza ya chuma, niseme ya ndani.

Baruti ya risasi za leo haina uhusiano na ile nyeusi ya moshi. Msingi wake ni selulosi iliyotiwa naitreti. Ikiwa hiyo pekee, huitwa ya msingi mmoja. Ikiongezwa naitroglisarini, ya misingi miwili. Bastola hutumia punje ndogo za vipande bapa au vijiduara, kwa sababu mtutu ni mfupi na baruti lazima iungue upesi. Rangi ya kijivu inayong'aa ni grafaiti, iliyopakwa ili punje ziteleze kwenye mashine na zisikusanye umeme tuli. Ndani yake pia kuna kihifadhi, mara nyingi difenilamini, ambacho kazi yake ni kunyonya gesi chachu zinazotoka baruti inapozeeka. Kihifadhi kikiisha, baruti huanza kujila yenyewe. Joto ndilo linalokimaliza mapema. Ndiyo maana swali la "hizi risasi zina miaka mingapi" lina maana ndogo kuliko "zilikaa wapi".

Mchanganyiko wa kawaida wa praima ni stifneti ya madini ya risasi, naitreti ya bariamu, salfaidi ya antimoni na tetrazeni kidogo. Hizo elementi tatu, yaani risasi, bariamu na antimoni, zikikutwa pamoja katika chembe moja ya mviringo, ndizo wataalamu wa maabara huzitafuta kwa hadubini ya elektroni kwenye mikono au nguo za mtu. Praima za kale zilikuwa na kloreti ya potasiamu, ambayo huacha chumvi mtutuni, na chumvi hiyo huvuta maji na kula chuma kwa siku chache. Risasi mpya za kibiashara za 9x19 hazina shida hiyo. Za akiba za kijeshi za zamani zinaweza kuwa nayo.

Madoa ya kijani: hiyo ni kutu ya shaba. Doa jepesi lisilo na shimo, linalofutika kwa kitambaa kikavu, ni la ngozi tu. Futa, kisha pitisha ukucha. Ukucha ukikwama kwenye kishimo, ganda limeliwa, weka kando. Karibu na mdomo naogopa zaidi kuliko katikati, kwa sababu hapo ndipo unyevu huingia kufikia baruti.

Usifute kwa dawa ya kung'arisha vyombo. Nyingi zina amonia, na amonia na shaba njano ni maadui wa zamani. Waingereza waliligundua hili India: risasi zilizowekwa karibu na mazizi ya farasi zilipasuka maganda msimu wa mvua bila kuguswa, kwa sababu ya amonia ya mkojo. Ganda limekunjwa na kuvutwa kiwandani, ndani yake kuna mkazo uliobaki, na amonia hupenya pale penye mkazo na kulipasua. Kwetu huku jambo hilo si historia. Stoo ambamo kuna magunia ya mbolea ya CAN au yuria, au iliyopakana na banda la kuku, si mahali pa kuweka risasi hata kama kuna sefu nzuri.

Kitu cha pili ni ngozi. Mikanda na mifuko ya ngozi ina tanini iliyobaki kutoka kwenye utengenezaji, na ndiyo hutoa ile kutu nene ya kijani kwenye maganda yaliyokaa humo. Ngozi ni ya kubebea tu.

Cha tatu ni mafuta. Mtu anasafisha bastola, anapuliza mafuta ya kupenya kila mahali, kisha anaingiza risasi chemba ikiwa bado imelowa. Mafuta hayo yameundwa kupenya, na praima ina ukingo wa kupenyea. Rangi ya kuziba hupunguza hatari, haiiondoi. Chemba na uso wa slaidi viwe vikavu.

Rift_Shuta

Naongeza njia rahisi: nunua mizani ya sonara ya gramu 0.01, pima zote 50, na ile isiyo na baruti itajionyesha. Pia itikise sikioni. Baruti ikiwemo utaisikia.

DungaBeach_Fundi, Kisumu

Rift_Shuta, kwa heshima, kutikisa kuache kabisa. Baruti nyingine hujaza ganda na hazisikiki, nyingine huacha nafasi na husikika. Hujui kiwanda kimetumia ipi, kwa hiyo kimya na kelele vyote havina jibu.

Mizani ina ukweli nusu. Fanya hesabu: risasi ya greni 115 nzima ni kama gramu 12. Kichwa 7.45, ganda la njano karibu 4, na baruti ni gramu 0.3 hadi 0.4 hivi. Maganda ya kiwanda kimoja hupishana gramu 0.1 bila kosa lolote, vichwa navyo hupishana sehemu chache za mia. Ndani ya loti moja (kundi lililotengenezwa pamoja kiwandani), risasi iliyokosa baruti yote inaweza kuonekana imejitenga na kundi. Iliyopata nusu ya baruti itajificha ndani ya tofauti za maganda na hutaiona. Iliyopata zaidi kidogo, vilevile. Na ukichanganya loti mbili, mizani haikuambii kitu tena.

Kwa hiyo pima ukitaka, na inayojitenga kwa gramu 0.25 au zaidi iweke kando. Lakini usije ukasema "nimepima, zote salama". Hatari ya watu kuamini kipimo kuliko kinavyostahili ni kubwa kuliko ya kutopima.

Rift_Shuta

Hapo nimekuelewa, fundi. Kwa hiyo ya nusu baruti inagundulikaje?

Kiwanja_Njoro

Hiyo hugundulika kiwanjani, na hugundulika kwa masikio na mkono. Nieleze taratibu kwa sababu hapa ndipo mitutu hupasuka.

Praima peke yake, bila baruti, ina nguvu ya kusukuma kichwa kutoka gandani hadi kikakwama mwanzo wa mtutu. Dalili: mshindo ni dhaifu, kama "pu" badala ya "paa", mrudisho haupo au ni mdogo, slaidi haikurudi kikamilifu, wakati mwingine moshi hutoka upande wa ganda. Shabaha haina tundu jipya. Dalili yoyote kati ya hizo, simama. Watu hufanya kosa kwa mazoea: bastola imegoma, mkono wenyewe unagonga magazini, unavuta slaidi, unapiga tena. Risasi ya pili ikikuta kichwa kimekaa mtutuni, mtutu huvimba au kupasuka.

Utaratibu ni huu. Mdomo wa bastola ubaki shabahani. Kidole nje ya kifyatulio. Toa magazini, vuta slaidi, hakikisha chemba tupu kwa jicho na kwa kidole. Fungua bastola, toa mtutu, utazame mwanga upande wa pili. Kama hakuna mwanga, usigonge kwa fimbo ya chuma. Mpe fundi mwenye leseni. Bastola hiyo imemaliza siku.

Ikigoma kabisa, yaani "tiki" bila mshindo, ngoja sekunde 30 huku umeelekeza shabahani. Praima inaweza kuchelewa. Kisha toa risasi na usome alama ya pini kwenye praima. Alama ndogo, isiyo na kina: tafuta kosa kwenye bastola kwanza, springi iliyochoka, mfereji wa pini uliojaa mafuta na uchafu, au slaidi haikufunga mpaka mwisho. Alama ya kina, katikati kabisa, na haikuwaka: praima ndiyo mbovu, pengine imelowa. Moja kati ya mia kadhaa inaweza kutokea. Mbili kutoka kisanduku kimoja, acha kisanduku hicho chote.

Na hapa naomba sana, usitupe kisanduku. Namba ya loti huchapwa kwenye ulimi wa kisanduku au ndani ya kifuniko. Kiwanda kikitangaza kurudisha loti yenye kasoro, hiyo ndiyo namba wanayoitaja; na muuzaji hawezi kukusaidia kama umemwaga risasi zote kwenye kopo la Blue Band. Loti mbili zisikae magazini moja.

Kipimo kingine kizuri kuliko vyote kwa dakika tano: bastola ikiwa tupu, toa mtutu kabisa. Ukiwa umeushika mkononi peke yake, hakuna pini ya kupiga chochote. Dondosha risasi moja kwenye chemba. Inatakiwa ishuke kwa uzito wake, isikike ikigota, na ukiupindua mtutu ianguke yenyewe. Ikisita kushuka, ganda limevimba au mdomo umepanuka. Ikigota lakini haianguki, huenda kichwa kimegusa mifereji ya mtutu kwa sababu risasi ni ndefu mno au umbo la ncha halipatani na mtutu huo. Zile za kujilinda nazifanyia hivi zote, moja baada ya nyingine. Za mazoezi, chache kutoka kila kisanduku.

Mikono: osha kwa sabuni na maji baridi ukitoka kiwanjani, kabla ya kushika chakula au mtoto. Ile risasi, bariamu na antimoni alizotaja mkemia hubaki kwenye vidole.

KalibaTisa, Nakuru

Asanteni sana wote. Nimefanya kipimo cha mtutu. Za A zote zimeshuka na kuanguka vizuri, pamoja na ile fupi. Za B, 49 ziko sawa, moja inashuka lakini inabaki imetokeza kama 1 mm. Kitako chake kina mkwaruzo upande mmoja. Madoa ya kijani: moja limefutika lote, la pili ukucha umekwama kidogo.

Maswali mawili ya mwisho. Hizi tatu nizipeleke wapi? Na uhifadhi, hapa Nakuru usiku ni baridi na mchana gari linachemka.

DungaBeach_Fundi, Kisumu

Ile fupi kushuka vizuri hakuisafishi, omera. Kipimo cha mtutu hupima nje ya ganda. Kichwa kilichozama hakionekani hapo. Ibaki kando.

Ya B iliyotokeza, mkwaruzo wa kitakoni unaonyesha ukingo umebonyezwa, pengine na mashine ya kufungashia. Usiisukume kwa kidole gumba iingie, wala usikwangue kwa msasa.

Zote tatu zifunge kwenye bahasha, andika kasoro ya kila moja na namba ya loti, uzirudishe kwa muuzaji mwenye leseni aliyekuuzia, pamoja na risiti. Asipozipokea, zikabidhi kituo cha polisi na upewe maandishi ya makabidhiano. Zisitupwe takatakani, chooni, ziwani wala motoni. Cheti chako kinataja idadi unayoruhusiwa kuwa nayo, kwa hiyo kila inayotoka mkononi mwako iwe na karatasi.

Mkemia_Kakamega

Uhifadhi: adui wa Nakuru si unyevu mwingi kama wa Kisumu, ni kupanda na kushuka. Chuma baridi ya usiku ikikutana na hewa ya joto yenye mvuke, maji hujikusanya juu yake kama umande kwenye chupa ya soda. Mtu akitoa risasi kwenye gari lililolala nje na kuziingiza jikoni panapopikwa, ameziogesha. Chumba cha katikati ya nyumba, kisichopakana na paa la mabati wala ukuta wa jua la jioni, ndicho kizuri, na sefu iwe juu ya sakafu, isiguse ukuta wa nje.

Ziache kwenye kisanduku chake cha kiwanda, kiingize kwenye boksi la chuma lenye mpira wa kuziba, na utie vipakiti viwili vitatu vya silika jeli. Nunua ile yenye rangi inayobadilika. Ikigeuka, ikaushe kwa moto mdogo irudi rangi yake, ipoe, ndipo uirudishe. Boksi lifungwe siku kavu. Ukilifunga mvua ya Aprili ikinyesha, umefungia unyevu ndani pamoja na risasi, na silika itachoka wiki ya kwanza.

Garini, hapana. Kabati la gari lililoegeshwa juani hupita kwa urahisi nyuzi joto 55. Siku moja haitaharibu kitu. Mwaka mzima wa siku kama hizo utakula kile kihifadhi nilichokitaja, na mshindo utaanza kutofautiana kabla ya wewe kuona doa lolote kwa nje.

Kiwanja_Njoro

Za B pigia mazoezi kwanza, halafu safisha chemba kwa brashi ya shaba kabla ya kuingiza za A. Magazini yako uiandike loti kwa kipande cha masikingi tepu. Ukija kiwanjani njoo na kisanduku, usije na magazini zilizojazwa nyumbani tu. Ikigoma moja, swali la kwanza nitakalokuuliza ni namba ya loti.